Mto Una Mwenyewe, Mvua Haina

Mwanzoni mwa 2006 Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Magati yalibaki juu ya tope na mabomba ya kuvutia maji ya mijini yakawa yanavuta hewa. Serikali ya Uganda ilisema chanzo ni ukame. Wanaharakati wa mazingira walinyoosha kidole Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, wakidai kwamba maji yaliyokuwa yakiachiliwa kuzungusha mitambo ya Nalubaale na Kiira yalizidi makubaliano. Ubishi huo ungekatwa kwa kujua mambo mawili tu: maji mangapi yameingia ziwani na mangapi yametoka.

Jinja si mahali pasipopimwa. Kiwango cha ziwa kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1890, rekodi ndefu kuliko nyingi barani Afrika. Mkataba wa 1949 kati ya Uingereza na Misri uliipa Cairo haki ya kuweka mhandisi wake kwenye bwawa la Owen Falls, hapo hapo Jinja, ili ajionee mwenyewe kiasi kinachopita, na kulikuwa na jedwali la makubaliano linalosema ziwa likiwa na kina fulani yaachiliwe maji kiasi gani. Hata hivyo, mtaalamu wa haidrolojia Daniel Kull alipotoa ripoti Februari 2006, akihitimisha kwamba zaidi ya nusu ya anguko la miaka miwili iliyotangulia lilitokana na maji kuachiliwa kupita kiasi, umma ulikuwa na namna moja tu ya kufuatilia ziwa bila kubisha hodi ofisini kwa mtu. Namna hiyo ilikuwa vipimo vya rada vya setilaiti za TOPEX/Poseidon na Jason, vilivyowekwa wazi na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Setilaiti hizo zilitengenezwa kupima bahari. Ziwa lilipimwa njiani tu.

Swali linalozaliwa hapo linahusu dunia nzima. Imekuwaje ziwa lenye mita ya karne nzima, linalozungukwa na nchi tatu zenye wataalamu wao, likahitaji chombo cha baharini ili watu wakubaliane limeshuka kiasi gani?

Hewa haina kisa cha namna hii. Wakuu wa idara za hali ya hewa walikutana Vienna mwaka 1873 na kuunda chombo cha kubadilishana vipimo, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lililokirithi lilianzisha mwaka 1963 mfumo wa kupashana habari za anga ambao haukusimama hata vita baridi ilipokuwa kali. Sababu yake si wema. Rubani anayetoka Nairobi kwenda Muscat anahitaji upepo wa kila nchi anayopita juu yake, na hakuna taifa linaloweza kutabiri mvua yake ya kesho kwa kutumia vipimo vyake peke yake. Bahari nayo, ukishatoka nje ya maji ya pwani, haina mwenyewe: mradi wa Argo, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, umetawanya maboya takriban 4,000 yanayozama na kuibuka yenyewe yakituma joto na chumvi ya maji, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma.

Mto una mwenyewe. Una wa juu na wa chini, una bwawa, una skimu ya umwagiliaji, una mkataba wa kikoloni unaobishaniwa. Anayejua maji mangapi yanapita mpakani anaingia kwenye mazungumzo na karata mkononi, na watu hawagawi karata zao. Tofauti hiyo imeandikwa hadi kwenye maazimio ya WMO yenyewe. Lile la 1995 kuhusu hali ya hewa linaanzisha kundi la data ambazo kila nchi inapaswa kuzitoa bure. Lile la 1999 kuhusu maji linazihimiza nchi kupanua ubadilishanaji huru wa data “kila inapowezekana”. Kwa maneno hayo mawili, waziri yeyote anaweza kujibu kwamba mwaka huu haikuwezekana.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 1996 FAO, UNEP, UNESCO, WMO na baraza la kimataifa la wanasayansi waliunda mfumo wa dunia wa uangalizi wa nchi kavu, uliojulikana kwa herufi GTOS, ukiwa na ofisi yake Roma ndani ya FAO. Wazo lilikuwa la busara: usijenge vituo vipya, unganisha vilivyopo. Misitu, udongo, mito, barafu na mashamba tayari vilikuwa vinapimwa na maelfu ya watu wasiojuana, kila mmoja kwa kipimo chake na daftari lake. GTOS ilipanga ngazi tano za uangalizi, chini kabisa kukiwa na maeneo machache ya utafiti yanayopimwa kwa kina sana na juu kabisa setilaiti zinazoona kila mahali lakini kwa juujuu, ili kila ngazi isahihishe nyingine. Kwenye karatasi, hakuna aliyewahi kupanga vizuri zaidi.

Kilichokosekana ni fedha na mamlaka. GTOS haikuwa na kituo hata kimoja wala haikuweza kumwamuru yeyote. Iliomba. Wafadhili hupenda kutoa fedha kwa mradi wenye mwanzo, mwisho na picha ya uzinduzi, na kuratibu hakuna picha. Katika miaka ya 2010 shughuli zake zilififia kimyakimya, na sehemu ya kazi ikabaki kwa jopo la nchi kavu la mfumo wa dunia wa kuangalia tabianchi, GCOS, ambao una orodha ya vigezo vya lazima zaidi ya 50: mito, maziwa, unyevu wa udongo, maji ya chini ya ardhi, barafu, uoto na vinginevyo.

Vilivyosalia ni vituo vya kukusanya data, kila kimoja kwenye mji wake. Koblenz, Ujerumani, kuna hazina ya mitiririko ya mito iliyoanzishwa mwaka 1988, yenye kumbukumbu za vituo zaidi ya 10,000 kutoka takriban nchi 160. Data za ubora wa maji zinazokusanywa chini ya UNEP tangu 1978 zilihamishiwa mji huohuo kutoka Kanada mwaka 2014. Maziwa yapo St Petersburg, barafu za milimani Zurich. Vituo hivi vinafanya kazi yao kwa uaminifu, lakini vyote ni wapokeaji. Nchi ikiacha kutuma, mstari kwenye grafu unakatika na hakuna wa kuulizwa.

Na mistari mingi ya Afrika imekatika. Ukitazama kumbukumbu za Koblenz, mito mingi ya bara hili ina data nzuri ya miaka ya 1960 na 1970, kisha inapungua katika miaka ya 1980, wakati ule ule serikali zilipobanwa na masharti ya kurekebisha uchumi na idara za maji zikapoteza magari, mafuta na watu. Mvua za El Niño za 1997/98 zikang'oa vipimo vingi vya Afrika Mashariki ambavyo vilikuwa bado vimesimama.

Inafaa kueleza kituo cha mtoni kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo mipango mingi mikubwa hupotelea. Kile kibao chenye namba kilichosimikwa majini kinaonyesha kina tu. Kina si wingi wa maji. Ili kupata wingi, lazima fundi aende mara kadhaa kwa mwaka, wakati wa kiangazi na wakati wa mafuriko, apime upana wa mto, kina chake sehemu mbalimbali na kasi ya mkondo, kisha achore mchoro unaolinganisha kina na wingi. Mafuriko yakiuchimba mto au kuujaza mchanga, mchoro huo umekufa na kazi inaanza upya. Kwa hiyo kibao kinaweza kusomwa kila asubuhi na mkazi wa jirani anayelipwa posho ndogo, kwa uangalifu wote, na namba zake zikawa hazina maana kwa sababu gari la wilaya halijafika hapo kwa miaka mitatu. Dawa inayopendwa ni mitambo ya kujiendesha inayotuma vipimo kwa simu. Wataalamu wa mabonde wanajua mwisho wake: paneli ya sola na betri ni mali inayouzika, na mtambo uliowekwa mbali na nyumba za watu haukai.

Nani alipie gari hilo? Mfadhili hununua mtambo. Mafuta ya gari si kazi yake. Bajeti ya serikali hulipa mishahara, na safari hukatwa kwanza. Mwanasayansi wa Ulaya anayezihitaji data hizo kwa ajili ya mfano wake wa kompyuta huzichukua bure, kisha huandika kwenye ripoti yake kwamba Afrika ina upungufu wa vituo. Katika mzunguko huo kila mtu ana udhuru wa kweli, na kituo kinakufa.

Bonde la Nile ndilo shule bora ya somo hili. Baada ya Ziwa Victoria kupanda kwa takriban mita mbili na nusu kati ya 1961 na 1964, jambo lililowashangaza hata waliokuwa wakilipima, nchi za bonde zilianzisha mwaka 1967 uchunguzi wa pamoja wa mvua na maji wa maziwa Victoria, Kyoga na Albert, chini ya WMO na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ofisi iliwekwa Entebbe. Vituo vilijengwa, mafundi walifundishwa, data zikabadilishwa kati ya nchi ambazo kisiasa zilikuwa na mengi ya kugombania. Tanganyika ilikuwa imeshatangaza mwaka 1962 kwamba haiutambui mkataba wa Nile wa 1929, lakini hilo halikuizuia Tanzania kukaa meza moja na Misri kuhesabu mvua. Mradi uliisha mwaka 1992. Ukafuatiwa na chombo kingine cha ushirikiano wa kiufundi, kisha mwaka 1999 na Mpango wa Bonde la Nile, nao una makao Entebbe. Mkataba wa Ushirikiano wa bonde, unaozitaka nchi kubadilishana data mara kwa mara, ulianza kutumika Oktoba 2024 bila Misri na Sudan kuusaini.

Wakati huo huo, Ethiopia ilikuwa imejenga bwawa lake kubwa kwenye Abay, yaani Nile ya Buluu. Ujazo ulianza Julai 2020 na uzinduzi ukafanyika Septemba 2025. Kwa miaka hiyo mitano Sudan na Misri zilidai makubaliano ya lazima kuhusu data za ujazo, na hazikuyapata. Wataalamu waliohesabu mita za ujazo za maji nyuma ya ukuta walifanya hivyo kwa picha za setilaiti, zikiwemo za Sentinel za Ulaya.

Asia haina haki ya kucheka. India imeziweka data za mito yake ya Ganges, Brahmaputra na Indus kwenye kundi la siri. Mwaka 2017, askari wa India na China walipokabiliana mpakani Doklam, China haikuipa India vipimo vya Brahmaputra vya msimu wa mafuriko, na ikavirudisha mwaka uliofuata. Aprili 2025 India ilisimamisha utekelezaji wa mkataba wa Indus wa 1960, na ubadilishanaji wa data na Pakistan ulikuwa miongoni mwa vilivyosimama. Mekong inaonyesha sura nyingine: mwaka 2020 China ilikubali kutoa data za mwaka mzima badala ya za msimu wa mvua pekee, katika mwaka ule ule watafiti wa Marekani walipoanza kuchapisha viwango vya mabwawa yake kwa kutumia setilaiti. Mtu anaweza kusema ni sadfa. Rahisi zaidi kuamini kwamba siri iliyokwisha kuonekana kutoka angani haina faida tena kuifungia sandukuni.

Hapo ndipo setilaiti zilipobadilisha mchezo, na mabadiliko yenyewe yalikuwa ya kisera kabla ya kuwa ya kiufundi. Landsat ilianza kupiga picha mwaka 1972, lakini ni mwaka 2008 Marekani ilipozitoa picha zote bure ndipo matumizi yalipofurika. Kutokana na hazina hiyo, watafiti wa Tume ya Ulaya waliweza kuonyesha mwaka 2016 kwamba kati ya 1984 na 2015 dunia ilipoteza takriban kilomita za mraba 90,000 za maji ya kudumu juu ya ardhi, huku kilomita za mraba 184,000 mpya zikitokea kwingine, nyingi zikiwa nyuma ya mabwawa. Jozi ya setilaiti za GRACE, iliyorushwa mwaka 2002, ilifuatana angani kwa umbali wa takriban kilomita 220, ikipima jinsi mvutano wa dunia unavyobadilika maji yanapoongezeka au kupungua chini yake, hata yale ya chini ya ardhi. SWOT, ya Marekani na Ufaransa, iliruka Desemba 2022 na inapima kimo cha maziwa madogo na mito.

Ila vipimo vya setilaiti vina mipaka, na wauzaji wa matumaini huiruka. GRACE iliona maeneo ya mamia ya kilomita. Iliweza kueleza habari za bonde zima, si za wilaya. SWOT ilibuniwa kwa mito yenye upana wa zaidi ya mita 100 na hukamilisha mzunguko wake kwa siku 21. Mto wenye upana wa mita 20 unaofurika usiku na kupungua kabla ya adhuhuri haiupati kabisa. Zaidi ya hayo, kila setilaiti inahitaji kusahihishwa na kipimo cha chini. Ziwa Victoria lilipovunja rekodi ya 1964 mwezi Mei 2020, baada ya mvua nzito zilizoanza mwishoni mwa 2019, wanasayansi waliotaka kujua mabadiliko ya tabianchi yamechangia kiasi gani hawakuweza kutegemea rada iliyoanza mwaka 1992. Miaka isiyofika 30 haitoshi kupima tukio la nadra. Iliwabidi warudi kwenye vile vipimo vya ziwani vinavyoanzia karne ya 19.

Kuhusu ubora wa maji, pengo ni kubwa zaidi. Setilaiti inaona ukijani wa mwani na matope. Haioni risasi, zebaki wala vijidudu vya kuhara. UNEP ilieleza mwaka 2024 kwamba nusu ya dunia yenye kipato cha chini ilichangia chini ya asilimia 3 ya vipimo vyote vya ubora wa maji vilivyokusanywa, na kati ya vipimo vya maziwa karibu 250,000, vya kwake vilikuwa 4,500 tu. Maziwa makuu ya Afrika yenyewe yamo ndani ya nusu hiyo. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, linamilikiwa na nchi nne, na tafiti mbili maarufu za 2003 zilizoonyesha kwamba joto linapunguza kuchanganyika kwa maji yake, hivyo chakula cha samaki, zililinganisha vipimo vipya na vya wasafiri wa kisayansi wa miongo iliyopita, kwa sababu mfululizo usiokatika haukuwepo.

Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya ni kisa kifupi cha aina hiyo hiyo. Imechorwa ramani tangu 1934. Uzani wake wa kila mwaka ulipimwa kuanzia 1978 hadi 1996 kwa juhudi za Stefan Hastenrath wa Wisconsin. Halafu kimya, mpaka watafiti wa Innsbruck waliporudi mwaka 2010 na kukuta kilichobaki. Mtandao wa barafu wa dunia una jina la Lewis kwenye orodha yake, lakini mtandao haukuwa na namna ya kumpata mtu wa kupanda mlima katika miaka hiyo iliyopotea.

Vinavyodumu ni vile vyenye mtumiaji wa karibu. Kituo cha Rwambwa kwenye mto Nzoia, magharibi mwa Kenya, kinathaminiwa kwa sababu namba zake huwaambia watu wa Budalang'i kama kingo za mto zitahimili usiku huo. Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon kwa lengo la vituo 20,000 vya hali ya hewa Afrika, uliamua kuweka vingi kwenye viwanja vya shule: kuna uzio, kuna watu mchana kutwa, na walimu wana cha kufundishia. Lengo bado liko mbali sana, ila uamuzi wa kuanza na mlinzi kabla ya mtambo ni sahihi. Upande wa pili, FEWS NET, mtandao wa Marekani wa tahadhari ya njaa ulioundwa mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, ulikuwa na watumiaji wengi lakini mlipaji mmoja. Washington iliposimamisha misaada Januari 2025 ulizimika, ukarejea miezi kadhaa baadaye. Kwa muda huo wapangaji wa chakula katika Pembe ya Afrika walifanya kazi bila chombo walichokizoea kwa miaka 40.

Kwa hiyo wanaodai mfumo mwingine mkubwa wa uratibu, wenye ofisi na mikutano, wanatibu ugonjwa usiokuwepo. Viwango vya upimaji vipo. Hazina za data zipo. WMO ilipitisha mwaka 2021 sera moja ya data inayojumuisha maji pamoja na hewa na bahari, ingawa kwa mito bado imeacha mengi kwenye hiari. Tatizo ni malipo ya kila mwezi, na dawa yake imeshajaribiwa karibu tu na hapo. Mwaka huo huo, katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow, ulizinduliwa mfuko wa SOFF wa kusaidia nchi maskini kuendesha vituo vya hali ya hewa. Haununui mitambo tu na kuondoka: hulipa gharama za uendeshaji kadiri data zinavyofika kwenye mfumo wa dunia. Kituo kikinyamaza, malipo yanasimama. Mantiki yake ni kwamba utabiri wa London na Tokyo unanufaika na puto linalorushwa Afrika, basi London na Tokyo wachangie gesi ya puto.

Mito haimo katika mpango huo. Mtandao wa msingi unaolipiwa na SOFF ni wa shinikizo la hewa, joto, upepo na mvua, kwenye vituo vya ardhini na maputo ya angani. Fundi wa bodi ya maji ya bonde anayesubiri mafuta ili akapime mkondo wa Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, anaendelea kutegemea bajeti ya wizara yake. Kuongeza mito kwenye orodha hiyo kungegharimu sehemu ndogo ya bei ya setilaiti moja, na nchi zinazoona data zake kama karata zingelazimika kuamua hadharani kama zinataka malipo au zinataka siri.